Kidole cha mama yangu kimesajili laini nne, yeye anaijua moja

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa kumi na moja na nimeona nikiliongelea hapa sokoni tu haliendi popote.

Mimi nauza mchele soko la SIDO hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mama yangu mzazi yuko Isongole kule Rungwe, analima viazi na mahindi, ana miaka 71, simu yake ni kitochi cha kubonyeza, anapokelea hela ninayomtumia na kuongea na wajukuu zake basi. Sasa siku hiyo niko kwenye meza yangu nikapigiwa na askari kutoka mkoa mwingine kabisa, ananiuliza kama namfahamu mtu mwenye majina haya, akayataja matatu yote, ni majina ya mama. Namba yangu aliipata kwenye laini halali ya mama, maana mimi ndo ananipigia kila siku. Akasema anatafutwa, kuna mtu katapeliwa laki tatu na themanini kwa simu na laini iliyopokea hiyo hela imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Miguu iliniishia nguvu nikakaa juu ya gunia.

Kesho yake asubuhi nikapanda gari ya Tukuyu nikashuka Isongole. Mama hakuelewa hata naongea nini. Tukaanza kukumbushana polepole, ni nani alikugusa kidole mama, lini, wapi, ndipo akakumbuka mwezi wa saba laini yake ilipotea akaenda kwa kijana mmoja mwenye mwavuli siku ya gulio ili amrudishie. Akaweka kidole kwenye kale kamashine, kijana akamwambia bibi hakijasoma, futa kidogo uweke tena. Mama akafuta kwenye kanga akaweka tena, hakijasoma, weka kingine, hakijasoma, leta dole gumba, anasema ilifika kama mara tano hivi. Mwisho laini ikapatikana, mama akamwambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akamwachia na viazi vya kuchemsha alivyokuwa kabeba kwenye kikapu.

Naomba msomaji asimuone mama yangu mjinga. Huku kwetu kidole kutosoma ni kitu cha kweli kabisa na wezi wanajua hivyo. Mtu kashika jembe miaka hamsini, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Rungwe inapasua ngozi mpaka inatoa damu, akina mama wanaochuma chai Tukuyu na Mufindi ncha za vidole zimelika zimekuwa laini kama kioo, kwenye mashine haonekani mtu. Kipindi kile cha mwisho wa 2019 mpaka tarehe 20 mwezi wa kwanza 2020, kwenye usajili wa alama za vidole, niliona mwenyewe wazee wanarudi kwenye foleni siku tatu, wanapaka mafuta, wengine wananawa maji ya moto, na waliochoka kabisa wakaomba mtoto au jirani awasajilie kwa kidole chake. Mpaka leo kuna vijiji ambako laini ya bibi iko kwa jina la mjukuu aliyeko Dar, siku mjukuu akipata matatizo na hela ya bibi iliyomo inapata matatizo. Kwa hiyo mzee wa huku akiambiwa hakijasoma haoni ajabu, kazoea kuambiwa hivyo.

Tulipopiga *106# kwenye simu yake tukakuta mtandao anaoutumia una laini mbili zaidi kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Tukaenda na duka la mtandao mwingine ambao mama hajawahi kuutumia hata siku moja, akaweka kidole tena (nilimuona mkono unatetemeka), huko nako ikaonekana moja. Laini tatu za watu asiowajua zinatembea nchini kwa jina lake.

Nimeuliza vijana wanaofanya hii kazi hapa mjini, wapo waaminifu wengi na wao wenyewe wanachukia hiyo tabia. Wameniambia bila kuficha, wakala wa mtaani hana mshahara, anakula kamisheni kwa laini, siku ambayo hajasajili laini hajala. Laini iliyokwisha kusajiliwa kwa mtu mwingine ina mnunuzi na anailipia vizuri. Na mimi nilikuwa najiuliza tapeli anataka nini kwa jina la mwanamke mzee wa Isongole, nikaja kuelewa niliposoma zile meseji zao, ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Jina ndo kazi yenyewe! Mtu anayetuma hela akiona jina limetokea kama alivyoambiwa anatulia moyo anabonyeza moja. Yani ule usajili tuliowekewa ili tuaminiane ndo umekuwa chambo, na jina la mama yangu ambalo kijijini hakuna anayelisema vibaya ndo lililomuibia yule ndugu laki tatu na themanini.

Sipingi sheria ya kusajili laini kwa vidole, naomba nieleweke. Kabla ya hapo mtu alisajili kwa kopi ya kitambulisho chochote na laini zilikuwa zinauzwa kama karanga, wizi ulikuwa mwingi na wala usingejua uanzie wapi. Kanuni za mwaka 2020 zikasema mtu binafsi awe na laini moja kwa mtandao, akitaka zaidi kuna utaratibu wake, ni jambo zuri. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya kumshughulikia tapeli akishakamatwa. Hata 15040 ya kutuma namba za matapeli naitumia na huwa nawafundisha wateja wangu. Tatizo langu ni moja tu, kazi yote ya kulinda kidole wametwishwa wenye vidole. Mapema 2023 tulitangaziwa tuhakiki laini zetu, tukahakiki, lakini yule wa mwezi wa saba kaja baada ya hapo, sasa mama atakuwa anahakiki kila wiki? Mama hasomi, na menyu ya *106# inataka usome ubonyeze usome ubonyeze, halafu inakuonyesha mambo ya mtandao wako tu, ule usioutumia utajuaje kama umo.

Ninachoomba TCRA, ile mamlaka inayosimamia mawasiliano, na kampuni za simu wafanye ni hiki. Mtu akiweka kidole kusajili laini mpya, kabla haijaanza kufanya kazi meseji iende kwenye laini zake zote za zamani za mitandao yote, inasema kuna laini mpya inasajiliwa kwa jina lako, sehemu fulani, saa fulani, kama ni wewe jibu ndiyo, usipojibu ndiyo haifunguki. Na kwa wasiosoma kama mama ipigwe simu ya sauti kwa Kiswahili kutoka namba 100, ambayo tumeshaambiwa ndiyo namba pekee ya huduma kwa wateja, wanaijua.

Wala sijaomba kitu kigeni. Nikitoa elfu tano tu kwa wakala meseji inaingia hapo hapo, salio na makato yote, sasa inakuwaje mtu anafungua laini nzima kwa jina langu na simu yangu iko kimya mfukoni? Na toka 2017 ukitaka kuhama mtandao na namba yako lazima wewe mwenyewe kwa simu yako utume neno HAMA kwenda 15080, wakala hawezi kukuhamisha bila hiyo meseji yako. Ina maana mitambo inaweza kumsubiri mteja aseme mwenyewe, kwenye kuhama imewezekana, kwenye kusajili inashindikana nini?

Najua nitaambiwa je aliyepoteza laini, kama mama siku ile, au kijana anayesajili kwa mara ya kwanza hana laini ya zamani. Huyo aandikishe namba ya ndugu yake wa karibu meseji iende huko, mimi siku ile ningepata meseji nne nikiwa hapa mezani ningempigia mama hapo hapo akiwa bado amesimama kwenye mwavuli wa yule kijana. Na iwe sheria kabisa, kampuni ambayo wakala wake kasajili laini bila mwenye kidole kukubali ndiyo imlipe aliyetapeliwa kupitia laini hiyo. Leo hii wakala akibainika anafukuzwa yeye, kesho anaokota mwavuli wa kampuni nyingine, waliomtuma barabarani hakuna kinachowagusa.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadae. Tulienda kituo cha polisi mama akatoa maelezo, niseme ukweli askari wa hapa walimheshimu, wakampa kiti, wakamuita mama. Tukapeleka karatasi kwenye duka la kampuni ili wafunge zile laini za wizi, wakafunga zote za namba yake ya NIDA pamoja na ile ya kwake mwenyewe. Kuifungua ilichukua siku kumi na moja, kila nikienda naambiwa mfumo, rudi kesho. Mhariri mwezi wa kumi na moja huku kwetu mvua imeshaanza, watu wako shambani, na mkulima wa mbolea ya ruzuku anajulikana kwa namba ya simu aliyojisajilia. Mama alikaa siku kumi na moja hana simu anaangalia majirani wanashusha mifuko ya kupandia, nilipata hela nikamnunulia ya bei ya kawaida mfuko mmoja wakati yeye hupandia miwili, sehemu ya juu kule karibu na migomba kapanda hivi hivi bila kitu. Hakuna aliyemuomba radhi mpaka leo. Yeye hakuiba, kaibiwa jina, kisha akaadhibiwa yeye.

Sasa hivi mama hataki kuweka kidole popote. Hata zahanati walipomletea karatasi aweke dole gumba alificha mkono ndani ya kanga akasema aitwe mwanangu kwanza.

Nimeelezwa na mtoto wa dada yangu anayesoma chuo kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa tano 2023, inahesabu alama za vidole kama taarifa nyeti na mwenye nazo ana haki ya kujua zimetumikaje. Basi naiuliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na naomba ijibu hapa hapa gazetini tusome wote: mama yangu aende ofisi gani hapa Mbeya, apewe orodha ya kila mahali kidole chake kilipowekwa tangu ile siku ya gulio, tarehe, mtandao na wakala aliyeshika mashine? Nauli ya kumpeleka ninayo, nipeni jina la ofisi tu.

Mfanyabiashara wa mchele,
Soko la SIDO, Mwanjelwa,
Mbeya