Mheshimiwa Waziri, mkienda Yiwu ulizeni lile soko lilianzaje

Mheshimiwa Waziri wa Biashara, shikamoo.

Mi nina fremu Kariakoo, nauza vibanio vya nywele, zipu na vikorokoro vingine, na mzigo naufata mwenyewe Yiwu, mji wa China wenye soko kubwa la jumla la vikorokoro kama hivyo. Kila ujumbe wa serikali ukirudi China tunasimuliwa maghorofa na treni za kasi, sawa vipo, ila safari ijayo naomba muulize habari za 1982.

Yiwu haina bandari na ardhi yake ilikuwa mbovu, mpaka wanaume wakawa wanazunguka vijijini na mzega begani wanabadilisha sukari guru kwa manyoya ya kuku, wakayatie shambani kama mbolea. Hao ndo machinga wao, na walikimbizwa na kunyang'anywa mizigo kama tunavyojua sisi huku, maana ulanguzi ulikuwa kosa. Sasa 1982 mama mmoja muuza vifungo, Feng Aiqian, akamvaa katibu wa Chama cha Kikomunisti wa wilaya, Xie Gaohua, kumlalamikia kwamba ana watoto wa kulisha na kila akitandaza anafukuzwa. Yule bwana hakuita mgambo! Alimsikiliza, akatuma watu wakachunguze, na Septemba mwaka huohuo soko likafunguliwa rasmi, meza kama 700 tu za barabarani.

Halafu kodi, na hapa naomba usome taratibu. Badala ya kumkadiria mtu kila mzigo wake wakaweka kiwango kwa kila meza, unalipa unaendelea na kazi zako. Leo lile soko lina fremu kama 75,000. Na pesa ya sokoni ndo ikaenda kujenga viwanda vya soksi na zipu, yani soko lilitangulia viwanda vikafata, sisi huku tunasubiri viwanda kwanza.

Mara ya mwisho kuna mama pale kanipigia bei kwenye kalkuleta huku anakula tambi zake, nikamwambia nataka katoni mbili tu, wala hakuguna. Katoni zangu zikaingia kontena moja na za watu wengine chungu nzima. Wateja wa hivyo ndo wamelijenga lile jiji.

Kwa hiyo mheshimiwa, ujumbe ujao tuachieni nafasi mbili sisi wa fremu. Nauli tutajilipia, na hoteli za bei poa tunazijua.