Zimwi Lako Halina Sharti

Swahibu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Natumai u mzima na wote nyumbani hawajambo. Mswada ulifika, nimeusoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Ile sura ya mlango wa kabati unaogongwa kutoka ndani usiiguse hata neno moja, imekaa sawasawa. Lakini zimwi lenyewe, ndugu yangu, haliogopeshi, na nadhani sababu nimeiona.

Nimeliandikia orodha. Kufikia sura ya tano linapita kwenye kuta, linasoma mawazo, linajigeuza umbo lolote, halidhuriwi na chuma wala moto, na linajua kila mtu amelala wapi. Halafu kurasa tatu kabla ya mwisho bibi anatoa pete ya fedha sandukuni na zimwi linakufa. Zimwi linaloweza kila kitu halimtishi mtu, maana msomaji anajua linafanya tu lile ulilotaka wewe. Na pete iliyoangushwa kutoka mbinguni haimfurahishi. Kinachokosekana ni sharti: jambo moja ambalo zimwi haliwezi kulikwepa, na ambalo linajulikana mapema.

Mtazame Fumo Liyongo, kwa sababu huyo tunaye mkononi tangu utotoni, na utenzi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka 1913 umempanga vizuri mno. Silaha haziingii mwilini mwake, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hesabu masharti yaliyomo humo. Ni sindano, upanga haufai. Ni shaba, chuma hakifai. Ni kitovuni, moyo haufai. Na kuna la nne ambalo halikutamkwa: anayetaka kufika kwenye kitovu cha Liyongo na kasindano kadogo lazima awe ndani ya nyumba, awe anaaminiwa, naye Liyongo awe amelala. Kwa hiyo sharti lenyewe limeshamchagua muuaji. Ni mwanawe, hawezi kuwa mwingine. Mshairi hakuwa na haja ya kuutafuta usaliti mahali pengine, umo ndani ya ile sindano. Sharti lako likiwa zuri litakufanyia hivyo hivyo: litakuambia nani atasimama karibu na zimwi, saa ngapi, na kwa uchungu gani.

Kisha soma tena kinachofuata baada ya sindano. Liyongo anaamka, anachukua uta wake na mishale, anatoka hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na kufa katika mkao huohuo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai. Siku zinapita, hakuna anayethubutu kuteka maji. Anatumwa mama yake kumbembeleza, hasikii. Mpaka mwili ulipoanguka ndipo wakajua. Humo hakuna damu wala kelele, kuna mji wenye kiu na mtu aliyepiga goti. Wewe katika sura ya tisa umemwaga damu ukurasa mzima, na haifikii nusu ya goti lile.

Sasa pete. Kosa lake si fedha, ni kuchelewa. Liyongo huyohuyo anakufundisha namna ya kuficha kifaa mbele ya macho ya watu. Alipofungwa gerezani, kijakazi Saada alikuwa akimletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi wakila kila kilicho kizuri. Ikaagizwa uokwe mkate wa wishwa, pumba tupu, na ndani yake iwekwe tupa. Walinzi wakauona, wakaudharau, wakaupitisha. Kisha akaomba ipigwe ngoma ya gungu, na vyombo vilipopamba moto akakata minyororo bila mtu kusikia mkwaruzo wa tupa. Zingatia kazi iliyofanywa na kila kitu: uduni wa mkate uliwapofusha walinzi, na kelele za ngoma ziliwaziba masikio. Basi pete ya bibi iwepo tangu sura ya pili, iwe na kazi duni kabisa, tuseme imefungwa kwenye kamba ya pazia ili lisipeperuke. Msomaji aione mara tatu na aidharau mara tatu. Hapo ikitoka sura ya mwisho atajipiga kifuani mwenyewe.

Kama unataka kifaa kigumu zaidi kufikiwa, Warusi wana Koshchei asiyekufa. Kifo chake kimo kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya mwaloni katika kisiwa cha Buyan. Mpangilio huo una kasi ndani yake: sanduku likivunjwa sungura anakimbia, akikamatwa sungura bata anaruka, na kila hatua inahitaji msaidizi mwingine. Lakini ni wa safari ndefu, na hadithi yako ni ya nyumba moja na usiku mmoja. Usiuige.

Kinachokufaa ni Mkono wa Utukufu wa wezi wa Ulaya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona kifaa cha kutisha kilichopangwa vizuri kuliko hiki. Maelekezo yake yamo katika kitabu cha uchawi cha Ufaransa kiitwacho Petit Albert, cha karne ya 18. Unachukuliwa mkono wa mtu aliyenyongwa, unaviringishwa katika kipande cha sanda na kukamuliwa damu iliyobaki. Unatiwa katika chungu cha udongo pamoja na shura, chumvi na pilipili ndefu, vyote vimesagwa, na kuachwa siku 15. Kisha unaanikwa kwenye jua kali hadi ukauke, na jua lisipotosha unamaliziwa kwenye tanuri. Mshumaa wake hutengenezwa kwa mafuta ya mtu aliyenyongwa, na mkono ndio kinara. Katika masimulizi mengine vidole vyenyewe ndivyo vinavyowashwa. Ukiwaka, waliolala ndani ya nyumba hawawezi kuamka. Katika jumba la makumbusho la Whitby, Uingereza, umo mkono mkavu unaosemekana kuwa mmojawapo.

Ona kwanza jinsi mapishi yalivyo ya kawaida. Chumvi na shura ni vitu vya mtu anayehifadhi nyama, na hizo siku 15 zina mantiki ya jikoni. Msomaji anaamini kwa sababu mikono yake mwenyewe inajua chumvi inafanya nini kwa nyama. Pili, kifaa kina ulimi wake: kidole gumba kikikataa kushika moto, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba ambaye hajalala. Mwizi amesimama gizani, vidole vinne vinawaka, gumba haliwaki, na hajui ni chumba gani. Tatu, sharti la kuuzima. Katika masimulizi ya Kiingereza maji hayafui dafu, ni maziwa peke yake yanayouzima. Msichana wa kazi aliyejifanya amelala anaamka, anahangaika kuwaamsha mabwana zake wasiamke, anajaribu hiki na kile, mpaka anapomwaga bakuli la maziwa. Kifaa kilichotengenezwa kwa maiti kinashindwa na chakula cha mtoto mchanga. Hakuna anayemweleza msomaji jambo hilo, linafanya kazi kimyakimya.

Kwa hiyo ukiamua kubaki na pete, ipe vitu vitatu hivyo: namna ilivyotengenezwa, dalili inayoitoa inapofanya kazi, na kitu kimoja cha kawaida kinachoizima.

Fedha nayo usiiamini kupita kiasi kwa kudhani ni silaha ya kuulia mazimwi ya tangu zamani. Mnyama mla watu wa Gévaudan, Ufaransa, aliuawa mwaka 1767 kwa bunduki, na risasi ya fedha waliiongeza waandishi wa baadaye. Dracula, mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, anatembea London mchana, nguvu tu zimempungua, na anauawa kwa visu viwili. Jua kumteketeza mnyonya damu kulikuja na filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922. Ukishajua kwamba masharti hayo yalibuniwa na watu waliokaa mezani kama wewe, utaona huna deni nayo.

Tuje kwenye sura ya nane, wanapofukua kaburi. Umemweka maiti safi, mweupe, kama aliyelala, meno marefu. Huyo ametoka kwenye bango la sinema. Maiti wa kweli aliyewatia watu hofu yuko kwenye taarifa ya afisa wa Austria kutoka kijiji cha Kisiljevo, Serbia, mwaka 1725. Mtu aliyeitwa Petar Blagojević alikuwa amezikwa wiki kama kumi. Ndani ya siku 8 wakafa watu 9, nao kabla ya kufa wakasema alikuja usingizini akawakaba. Wakamfukua. Nywele, ndevu na kucha zilionekana zimeota, ngozi ya zamani imebambuka na mpya inaonekana chini yake, na mdomoni pana damu isiyoganda. Wakamchoma mti kifuani, damu ikatoka masikioni na mdomoni, kisha wakamteketeza.

Wanakijiji hawakuongopa. Waliona sawasawa, walikosea sababu. Mwili unapoanza kuoza, gesi hujaa tumboni na kuufanya uvimbe, hivyo aliyezikwa mwembamba anakutwa amenona. Shinikizo la gesi husukuma majimaji meusi mekundu kutoka mapafuni hadi puani na mdomoni. Tabaka la juu la ngozi huchunika, na la chini huonekana bichi. Kucha hung'oka pamoja nalo, na panapobaki hudhaniwa kucha mpya. Ngozi inaponywea usoni, ndevu zinajitokeza kana kwamba zimekua. Ukakamavu wa maiti nao huisha baada ya siku mbili hivi, viungo vikalegea, na ardhi ya baridi huuchelewesha uozo wote. Ukimchoma mti, gesi hupenya kooni na maiti huguna. Na ugonjwa wa kuambukiza ukiingia nyumba moja, anayefuata kufa ni yule aliyemuuguza wa kwanza. Mambo haya yalienea mpaka Maria Theresa, mtawala wa Austria, akatuma daktari wake, Gerard van Swieten, kuchunguza, na mwaka 1755 akapiga marufuku ufukuaji wa namna hiyo.

Andika sura ya nane upya kwa jicho la mtu anayeona hayo yote na hana jina la hata moja. Harufu kwanza, kabla ya jeneza kufunguka. Halafu tumbo. Halafu ule mguno, na mwenye nyundo anasita kwa sababu ameitambua sauti. Usieleze gesi ni nini. Ukieleza umemwokoa msomaji.

Kuhusu kulionyesha zimwi, unalionyesha mapema mno na lote kwa pamoja. Katika ngano ya Nunda mla watu, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, alianza akiwa paka wa nyumbani aliyekula mnyama mmoja wa kufugwa, akaachiwa. Akapanda kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa watu. Ule uvumilivu wa sultani kila mara ndio unaotisha. Na kijana aliyetoka kumwinda alikuwa na alama chache tu za kumtambulia: masikio madogo, umbo pana lisilo refu, mabaka mawili kama ya fungo, mkia mnene. Kila mnyama anayemleta nyumbani mama anamwambia siye, na kila mara mnyama ni mkubwa kuliko wa kabla. Msomaji analipima zimwi kwa wanyama ambao sio. Wewe nawe toa alama nne, usitoe ya tano.

Jambo moja nakuomba kwa dhati. Katika sura ya sita umemtaja popobawa, lile zimwi la Zanzibar linalosemekana kushambulia watu usiku, tena kwa majina ya mitaa. Najua linavutia, na sharti lake la kwamba aliyeshambuliwa lazima atangaze, la sivyo litarudi, ni kali kuliko mengi ya kubuni, kwa kuwa linamgeuza kila mhanga kuwa mtangazaji. Lakini mwaka 1995 Unguja na Pemba watu walilala nje makundi kwa makundi kwa hofu hiyo, na mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani ndiye. Chukua muundo wa sharti, acha jina. Bado wapo wenye kuumia nalo.

Kwa utaratibu wa kazi: kabla ya kugusa sura yoyote, andika sharti la zimwi kwa sentensi moja isiyo na "au". Lisipoingia kwenye sentensi moja bado hujalijua. Kisha lipitie mswada mzima ukifuta kila uwezo usiotokana nalo, na nakuhakikishia kusoma mawazo kutaondoka. Mahali pa kuvuja huwa ni pale mhusika anapokaribia kushinda mapema, na mwandishi kwa woga analiongezea zimwi nguvu mpya. Kwako ni ukurasa wa 61. Pale mwache mhusika ashinde kidogo, halafu ushindi huo umgharimu mtu.

Na ile methali uliyoweka mwanzoni, zimwi likujualo halikuli likakwisha, usiiache kama pambo. Kama zimwi hili linaijua familia, basi kuna kipande linachokibakisha kila mara. Ni kipande gani? Naona sharti lako limelala humo.

Nitumie kwanza sura ya pili ikiwa na pete kwenye pazia, na ya nane ya kaburi. Nyingine zinaweza kungoja. Msalimie mama sana.

Wako,
Idi