Waholanzi hawaimbi Kiingereza tu

Ndugu Mhariri,

Ile ripoti yenu ya Jumapili kuhusu muziki wa Uholanzi nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye treni, ya pili nyumbani nikidhani labda kuna mahali nimeruka. Sijaruka. Mwandishi wenu kasema bendi za huku zinaimba Kiingereza kwa sababu lugha yao ni ndogo haiuziki, eti na wasanii wetu nao waige. Gazeti hili nalisoma tangu niko Tanga na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini kwa hili nimeshindwa kunyamaza, maana mi naishi huku Friesland, mkoa wa kaskazini mwa Uholanzi, mwaka wa 16 sasa.

Wanaoimba Kiingereza wapo, nani kakataa. Jiji la Den Haag peke yake limetoa bendi ya Golden Earring na wimbo wao Radar Love wa 1973, limetoa Shocking Blue ambao wimbo wao Venus ulishika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1970. Mwandishi kaishia hapo, kafunga daftari. Doe Maar je? Wale jamaa waliimba Kiholanzi kitupu juu ya mdundo wa ska na rege, wasichana wakawa wanazimia kwenye shoo, kelele zikazidi mpaka wenyewe wakaamua kuvunja bendi 1984. Bendi ya Normaal je, vijana wa Achterhoek, eneo la mashambani mashariki mwa nchi, 1977 wameimba pikipiki kwa lugha ya kijijini kwao ambayo mtu wa Amsterdam anaisikia nusunusu? Bendi ya Rowwen Hèze wanaimba Kilimburgi, lugha ya mkoa wa Limburg kule kusini. Jeangu Macrooy kaenda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, 2021 na kiitikio cha Kisranan, lugha ya kwao Suriname. Joost Klein, mtoto wa hapahapa Leeuwarden, 2024 kaenda na Kiholanzi. Hata Claude, kijana aliyezaliwa Kongo, 2025 kaiwakilisha Uholanzi kwa Kifaransa na Kiingereza. Sasa hiyo lugha moja iko wapi?

Halafu Kifrisia, lugha ya huku Friesland, hakikutajwa hata kwa bahati mbaya, na hapo ndo nilipoumia. Nafanya kazi makao ya wazee. Kuna mzee tulikuwa naye, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ugonjwa wa kusahau ulishamnyang'anya Kiholanzi chote alichofundishwa shule, kikabaki Kifrisia cha mama yake, na wafanyakazi wengi hawakijui kwa hiyo wakawa wanamwita bubu. Siku hiyo alikuwa na siku ya nne hajatoa neno. Nikaweka simu yangu mezani nikampigia Wêr bisto ya Twarres, wimbo wa Kifrisia uliofika namba moja nchi nzima mwaka 2000, maana yake ni "uko wapi wewe", sauti mbili na gitaa, basi. Mara namwona kidole gumba kinagonga ukingo wa kikombe, taratibu, kinafuata gitaa. Wimbo ulipofika katikati akanigeukia akaniambia kwa Kifrisia kwamba kahawa yake imepoa. Siku nne, Mhariri! Nikainuka kumletea nyingine, narudi nakuta msimamizi wa zamu kazima simu yangu kaniambia niweke kitu ambacho kila mtu anaelewa, kisha yeye mwenyewe akafungulia redio, na redio ikawa inapiga Kiingereza, na kwenye chumba kile kulikuwa na wazee tisa ambao hakuna hata mmoja anajua Kiingereza zaidi ya salamu. Mzee akarudisha macho dirishani. Kahawa sikujua hata nimpe vipi. Nilivyosoma ripoti yenu nikamsikia yuleyule msimamizi anaongea, tena kwa Kiswahili.

Na hilo neno "Kidachi" mlilojaza ukurasa mzima limetoka wapi? Babu yangu akisema Wadachi alikuwa anawasema Wajerumani, wale waliomchapa baba yake viboko mashambani. Lugha inaitwa Kiholanzi. Tena Holland yenyewe ni mikoa miwili tu kati ya 12, mwambie Mfrisia kwamba yeye ni mtu wa Holland uone atakavyokukazia macho. Lugha yake inatambuliwa kisheria, ipo kwenye vibao vya barabarani, mahakamani wanaitumia, na wanaoiongea ni wachache kuliko wakazi wa wilaya mbili tatu za Dar. Wachache hao wameweka wimbo namba moja. Sisi wa mamilioni ndo tunaambiwa tukaazime lugha!

Naomba mfanye hivi. Ukurasa wa burudani wa Jumamosi, pale chini kulia penye ratiba ya mpira, toeni nafasi ya nusu kiganja, kila wiki wimbo mmoja wa lugha ndogo: nani kaimba, anatoka kijiji gani, unasema nini. Anzeni na Kifrisia, wiki ya pili Kilimburgi, ya tatu Kidigo, ya nne Kizigua, bibi zetu bado wapo wa kuulizwa. Ya Kifrisia nitawaeleza mimi bila malipo, ila nipigieni kabla ya saa nane mchana kwa saa za huku, baada ya hapo naingia zamu.

Msomaji wenu,
Friesland, Uholanzi