Utani wa Mitume unatuumiza

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hizi klipu za kuchekesha kwa majina ya Yesu na Mtume Muhammad. Juzi kwenye daladala kijana kaweka moja kwa sauti, mama mwenye rozari mkononi kanyamaza tu kageukia dirishani, na sisi Waislamu Nabii Isa ni wetu pia, basi yule kijana kacheka peke yake.

Utani tunao jamani, Wangoni na Wahehe wanataniana hadi msibani, ila wale wanajuana, huyu wa klipu hajui nani anamsikia. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza maneno ya kuumiza makusudi hisia za dini za mtu, kipo, lakini polisi wa nini? Mashehe, mapadre na wachekeshaji wakae pamoja waongee, tena nyie magazeti ndo muwaite.

Msomaji wenu, Dar es Salaam