Barua ya wazi kwa Meneja wa Kiwanja Chetu cha Ndege: abiria wa alfajiri apate kahawa na kitafunwa

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nami nililiona hivyo hadi asubuhi niliyompeleka mama yangu Dar es Salaam kwa matibabu. Mama ana kisukari na anatumia insulini. Tulifika kiwanjani saa 11 alfajiri, akiwa amekwisha kuchoma sindano nyumbani kwa kutegemea kwamba atapata chai na chapati kwenye kibanda kilichomo ndani ya chumba cha kusubiria. Tulipopita ukaguzi tukakuta kibanda kina kufuli. Ukungu ukatanda, ndege ikashindwa kutua kwa wakati, na kabla ya saa 1 sukari ya mama ilikuwa imeshuka kwa kukaa na dawa bila chakula: mikono inatetemeka, jasho likimtoka katika baridi ile ya kwetu. Aliyemwokoa ni abiria mwenzetu aliyekuwa na ndizi mbili mkobani.

Wakati huo huo, kupitia kioo, nilikuwa namwona kijana muuza kahawa nje ya geti, birika lake likiwa juu ya jiko la mkaa, akiwamiminia madereva teksi kahawa ya tangawizi katika vikombe vidogo, na kashata pembeni, kwa shilingi 300. Sisi tuliokwisha kukaguliwa hatukuruhusiwa kutoka. Hata siku ambazo kibanda hufunguliwa, tunauziwa kwa shilingi 4,000 kahawa ya pakiti iliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, ilhali tuko Nyanda za Juu Kusini, ambako wakulima wa Mbinga na Mbozi wamesomesha watoto kwa kahawa ya arabika. Hilo, Ndugu Meneja, linaniuma.

Naelewa kwamba ndege mbili kwa siku haziwezi kulipa kodi ya mgahawa mzima, na nadhani ndiyo sababu wapangaji huja wakaondoka. Kwa hiyo siombi mgahawa. Naomba meza moja ndani ya chumba cha kusubiria, apewe mama lishe wa hapa hapa kwa kodi inayohesabiwa kwa siku zenye ndege, na mkataba wake umtake afungue pale abiria wa kwanza wanapoanza kupokelewa, asifunge hadi ndege ya mwisho iruke, hata ikichelewa. Jiko halina haja ya kuingia ndani: chapati, maandazi na mayai ya kuchemsha vipikwe nje, kahawa itiwe kwenye chupa za chai, na vyote vikaguliwe pamoja na mhudumu mwenyewe. Bei ibandikwe ukutani.

Mama anarudi kliniki mwezi ujao kwa ndege ile ile ya alfajiri. Nitashukuru sana nikipata jibu lako kabla ya safari hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kiwanja chako