Mheshimiwa, tuandikieni ukurasa wa kwanza kile ambacho bima haitalipa

Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Bima,

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima inayostahili ofisi yako. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizipitisha masjala kwa utaratibu, nikapewa namba ya jalada na kuambiwa nivute subira. Nimeivuta kwa miezi kumi na mmoja. Jumatatu hii kampuni iliyonikatia bima ya nyumba imenijibu kwa aya mbili: madai yamekataliwa, jalada limefungwa. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Mheshimiwa, sebuleni kwangu kuna mstari ukutani. Ni alama ya tope, inanifika kifuani, imenyooka kana kwamba mtu kaipiga kwa rula. Nimeipaka rangi mara mbili, na mara zote mbili imejitokeza tena. Usiku ule upepo ndio uliotangulia: uling'oa paa la upande mmoja, mvua ikamwagika ndani. Mto ulitufikia saa mbili baadaye, tukiwa tumeshahamishia watoto kwa jirani. Mkadiria hasara alikuja baada ya wiki tatu, akaupiga picha ule mstari, akaandika neno moja: mafuriko. Paa hakupanda kulitazama. Mkataba wangu unalipa dhoruba na haulipi mafuriko. Miaka 19 ya kulipa ada bila kuchelewa hata mwezi mmoja imeishia kwenye neno hilo.

Na kijitabu chenyewe cha mkataba kililowa. Ilibidi nikianike karatasi moja moja kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, ndipo nikakifikia kipengele kinachoyaondoa mafuriko. Kiko ukurasa wa 31. Maandishi yake ni madogo kiasi kwamba binti yangu aliyapiga picha kwa simu, akayakuza, akanisomea. Wakala aliyekuwa akija kila mwaka kunihimiza kulipa hakuwahi kunifungulia ukurasa huo.

Ofisi yako haiwezi kusema kwamba jambo hili limeizukia. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, familia nyingi za Louisiana na Mississippi zilifikishana mahakamani na kampuni za bima kwa swali hili hili: nyumba ilibomolewa na upepo au na maji? Na San Francisco mwaka 1906, bima ya moto ililipa moto, lakini tetemeko la ardhi halikuwamo, kwa hiyo mtu ilimbidi athibitishe kwamba nyumba yake iliungua kabla ya kuanguka. Zaidi ya miaka 100 imepita, bado mwenye nyumba anasimama juu ya kifusi akibishania mpangilio wa maafa.

Miaka miwili iliyopita, wenzetu wa ng'ambo ya mto walipozama, ulisimama mbele yao ukaahidi kwamba ndani ya miezi sita kila mkataba ungeandikwa kwa lugha ya kueleweka. Nilikuwa pale. Nilipiga makofi. Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na hili limeiva muda mrefu.

Lipo na jambo la ramani. Nilipoikopea nyumba hii mkopo wa miaka 30, niliambiwa eneo letu ni la mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100", nikaelewa kwamba mimi sitayaona. Hakuna aliyenieleza kwamba maana yake ni nafasi moja katika 100 kila mwaka, mwaka hadi mwaka, hata kama mwaka jana yalitokea. Ukiipigia hesabu miaka 30 unapata takriban asilimia 26. Zaidi ya robo! Kama ningetajiwa robo, ningeuliza habari ya mafuriko siku ile ile.

Kwa nini kampuni zinayakwepa maji? Mimi si mtaalamu, lakini nadhani zinaogopa kufilisika, na hofu hiyo siidharau. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kiliziangusha kampuni kadhaa za bima kule Florida, kwa kuwa zilikuwa zimekatia bima nyumba nyingi mno za pwani huku zikikadiria hatari kwa kumbukumbu za miaka michache tulivu. Huenda na zetu hazijanunua bima mtawanyo ya kutosha, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine. Ukaguzi huo ni kazi yako. Lakini hofu ya kampuni haiwezi kuwa siri ambayo mteja anaigundua akiwa ameanika mkataba kwenye kamba.

Najua yapo makubwa zaidi ya kufanya. Ufaransa, tangu mwaka 1982, anayekatia mali yake bima hupata humo humo kinga ya majanga ya asili, kwa nyongeza iliyopangwa na serikali. Najua pia kwamba hata mipango mizuri hukosea. Malawi ilikata bima ya ukame kupitia mpango wa nchi za Afrika, na msimu wa 2015/16 ulipoharibika, hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba hakuna cha kulipwa, kwa sababu zilidhania mahindi ya muda mrefu wakati wakulima walipanda ya muda mfupi. Watu walikwenda mashambani, wakauliza, wakarekebisha hesabu, na fidia ya zaidi ya dola milioni 8 ikalipwa. Ilichelewa, lakini kuna mtu aliyekubali kurudi kutazama. Kwangu hakuna aliyerudi.

Nilitaka kukuomba mengi: ramani mpya, mkadiria hasara asiyelipwa na kampuni, jalada langu lifunguliwe. Nayaacha yote kwa sasa, isipokuwa moja. Agiza kwamba ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa bima ya nyumba uorodheshe, kwa herufi kubwa, majanga ambayo hayatalipwa, na mteja atie sahihi chini ya orodha hiyo. Ni ukurasa mmoja tu. Hauhitaji bajeti wala sheria mpya, unahitaji waraka wenye sahihi yako. Majirani zangu wanalipa ada mwezi huu, na mvua zinakaribia. Toa waraka huo kabla hazijaanza.

Wako katika kusubiri,
Mwenye bima, jalada lililofungwa