Wenyeji wa Homestead wasisahaulike ukingoni mwa mto wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mji wa Homestead, Pennsylvania, ambao mara nyingi husifiwa, pamoja na jirani yake Pittsburgh, kuwa mji wa chuma uliofufuka.

Kiwanda cha Homestead, kilichoajiri watu wapatao 15,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilifungwa mwaka 1986, na kuanzia mwaka 1999 mahali pake, kando ya Mto Monongahela, pakawa na The Waterfront, eneo la maduka, mikahawa na sinema. Mabomba 12 ya moshi, yaliyojengwa kwa matofali, yangali yamesimama kwa safu. Kazi hiyo siibezi hata kidogo, kwani ardhi hiyo ingeweza kubaki magofu hadi leo.

Lakini ukingo huo ulikuwa na watu kabla ya kuwa na maduka. Mwaka 1941 mtaa mzima wa chini, makazi ya watu zaidi ya 8,000, wengi wao familia za wahamiaji na za Wamarekani weusi, ulibomolewa ili kiwanda kipanuliwe kwa mahitaji ya vita. Waliohamishwa hawakurudishiwa mto wao hata kiwanda kilipokufa. Leo mnunuzi anayetoka Pittsburgh huvuka daraja, akashuka kwa gari moja kwa moja hadi kwenye maegesho, akanunua na kuondoka, bila kuvuka reli kuingia Eighth Avenue, barabara kuu ya zamani, ambako biashara nyingi zilifunga milango. Mji uliokuwa na wakazi karibu 20,000 sasa haufikishi 3,000. Sioni haki ya kuuita ufufuo kamili.

Nayasema haya kwa sababu zamu imefika Hazelwood, mtaa wa Pittsburgh ulio ng'ambo ya mto huohuo, ambako kiwanda cha koki (makaa ya kuyeyushia chuma) kilifungwa mwaka 1998 na sasa maabara za roboti za Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon zimo ndani ya mabaki ya kiwanda cha zamani. Huko nako reli imepita kati ya ujenzi mpya na nyumba za wenyeji. Kabla viwanja vilivyobaki havijagawiwa, wahusika waweke katika mikataba yenyewe vivuko vya waenda kwa miguu, mafunzo ya kazi kwa vijana wa mtaa huo, na nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini ataweza kuzilipia kodi.

Wako,
Mkazi wa Pittsburgh, Marekani